Pini ya Nyuma ya Datsun 240Z Ikishikwa na Kutu: Linda Nyuzi Kwanza

Datsun 240Z ikiingia gereji kwa ajili ya bushi za nyuma, bushi zenyewe si tatizo. Tatizo ni pini ndefu inayounganisha mkono wa chini na mguu wa shokamzoba. Pini hiyo mara nyingi haijawahi kutolewa tangu gari litoke kiwandani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na kutu imeishikanisha na chuma kilichoizunguka kana kwamba vimeunganishwa kwa moto. Tunayoandika hapa tumejifunza kwa kuzifungua pini hizi Kampala, kwa vifaa vinavyopatikana Kisekka, soko la spea, na Katwe, mtaa wa mafundi vyuma. Ni ya 240Z, na pia ya 260Z na 280Z kwa sababu muundo wa nyuma ni uleule. 280ZX ni gari jingine kabisa kwa nyuma, halina pini hii.

Gari hili lina heshima yake huku kwetu. Edgar Herrmann alishinda nalo Safari Rally mwaka 1971, na mwaka 1973 akashinda nalo Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda. Kwa hiyo mwenye nalo hataki kusikia kwamba mguu mzima umeharibiwa kwa nyundo, tena mguu wa kuziba pengo hilo hauokotwi kirahisi.

Tuanze na namna pini ilivyofungwa, maana wengi huharibu kazi kabla hawajajua wanachopambana nacho. Chini ya mguu wa shokamzoba, karibu na habu, kuna kipande kinene cha chuma cha kusubu chenye tundu linalopita kutoka mbele kwenda nyuma. Mkono wa chini una macho mawili, moja mbele ya kipande hicho na moja nyuma yake, na kila jicho lina bushi ya mpira yenye bomba dogo la chuma katikati. Pini inapita bushi ya mbele, inapita chuma cha kusubu, inapita bushi ya nyuma, kisha nati inafungwa kila upande. Ukihesabu, pini imeshikwa mahali 3: bomba la bushi ya mbele, tundu la kati, bomba la bushi ya nyuma. Kutu inaweza kuwa imeshika mahali pamoja tu au pote, na kila hali ina dawa yake.

Zaidi ya hapo kuna kabari. Katikati ya pini kuna mfuo uliochongwa upande mmoja, na ndani ya mfuo huo inakaa bolti fupi yenye uso uliochongwa mshazari, inayopita kwenye chuma cha kusubu kukatiza pini. Hiyo ndiyo inayozuia pini isizunguke wala kutembea. Imejificha, tope la murram linaikausha juu na kuifanya ionekane sehemu ya chuma chenyewe. Fundi asiyeijua ataondoa nati mbili za mwisho, atachukua nyundo ya kilo 2, na atapiga mpaka jioni. Pini haitoki kwa sababu bado imefungwa! Safisha eneo hilo kwa brashi ya waya mpaka uione nati ya kabari, ilegeze mpaka ilingane na ncha ya bolti, kisha gonga kidogo kuelekea upande wa pili ili kabari iachie. Nati ibaki juu ya nyuzi wakati unagonga. Kabari ikishaachia, toa nati, sukuma kabari yote nje, na uichungulie: kama uso wake wa mshazari umelika au umepinda, agiza mpya.

Sasa jambo ambalo tungependa kila fundi alishike kuliko yote. Nyuzi za miisho ya pini ndizo mahali pekee unapoweza kuishika na kuivuta. Ukizipiga moja kwa moja kwa nyundo ya chuma, ncha inavimba kama uyoga, nyuzi zinalala, na hapo umepoteza mambo mawili kwa pigo moja. Huwezi tena kufunga nati wala pula (kifaa cha kuivutia pini nje), na ile ncha iliyovimba haiwezi kupita ndani ya bomba la bushi hata kama kutu ingeachia. Tumepokea magari mengi yaliyoharibiwa hivi kuliko yaliyoshikwa na kutu peke yake. Ukilazimika kugonga, funga nati mpaka uso wake upite ncha ya pini kidogo, weka kipande kinene cha shaba juu yake, ndipo ugonge. Nyuzi ni M12 (kipenyo cha mm 12) yenye hatua ya 1.25 mm (umbali kati ya uzi na uzi), na hiyo ni habari njema, kwa sababu nati za magurudumu za Nissan na Subaru ni M12 × 1.25 vilevile. Nenda Kisekka, nunua chache zilizotumika, uzitumie za kuharibika. Usichukue za Toyota; hizo ni hatua ya 1.5, zitaingia mizunguko miwili na kuchana nyuzi zako.

Kabla ya nguvu yoyote, mafuta na muda. Dawa ya kopo inayouzwa kila duka la spea inafaa kulainisha, lakini nyingi hazipenyi mbali. Mchanganyiko tunaoutegemea ni mafuta ya giaboksi ya otomatiki na asetoni safi, nusu kwa nusu. Asetoni ya kufutia rangi ya kucha mara nyingi imechanganywa na maji na manukato, haifai; tafuta ile safi kwa wauza kemikali au rangi. Viwili hivi havikai pamoja, kwa hiyo tikisa chupa kila unapotumia, na weka mbali na moto, sigara na rangi ya bodi. Mimina kwenye tundu la kabari, maana hapo ndipo mlango wa kuingia katikati ya pini, na kwenye mianya kati ya macho ya mkono na chuma cha kusubu. Asubuhi na jioni, siku 3 mpaka 4, na kila mara ukishamimina, gonga chuma cha kusubu kwa pembeni, mapigo mepesi mengi. Mtetemo ndio unaovuta mafuta ndani ya kutu. Gari likiwa limetoka Uingereza au sehemu za theluji za Japani, ambako barabara hunyunyiziwa chumvi, ongeza siku. Magari yaliyoishi Uganda muda wote huwa na kutu nyepesi, ila yale yanayooshwa kila wiki kwa mashine ya presha kwenye vibanda vya kuoshea magari hutushangaza: maji yanasukumwa ndani ya bushi na hayana pa kutokea.

Ushauri wetu ni kutoa mguu na mkono vyote pamoja vikiwa bado vimeungana, na kufanya kazi mezani. Ni kazi ya ziada: shafti ya pembeni, paipu ya breki, kebo ya handibreki, mabano ya ndani ya mkono, na nati 3 za juu ya mguu ndani ya gari. Usiguse ile nati ya katikati juu ya mguu, kwa sababu ndiyo inayozuia springi iliyobanwa, na ikifunguliwa bila vibano vya springi inaua mtu. Faida za mezani ni kubwa. Tangi la mafuta la gari hili liko nyuma, si mbali na mahali ambapo baadaye utataka kuwasha moto. Pia chini ya gari lililo kwenye stendi huna nafasi ya mkono mrefu wa spana, na kila unapovuta gari linatikisika.

Vikiwa mezani, jambo la kwanza ni kujaribu kugeuza pini, maana kuizungusha huvunja kutu kwa urahisi kuliko kuivuta. Funga nati mbili upande mmoja, uzibane moja dhidi ya nyingine kwa spana mbili, kisha tumia spana kwenye nati ya ndani kana kwamba unaifungua. Pini itajaribu kugeuka nayo. Sasa tazama mpira wa bushi kwa taa. Kama pini inageuka digrii chache, mpira unajikunja nayo, halafu ukiachia inarudi yenyewe, basi katikati pameshaachia na kilichoshika ni mabomba ya bushi. Hiyo ni habari nzuri, kwa sababu bushi hata hivyo utazitupa. Kama haisogei kabisa, chuma cha kusubu ndicho kimeshika. Endesha mbele na nyuma, robo ya nguvu yako, ongeza mafuta. Ukiona uji wa rangi ya kahawia unatoka kwenye tundu la kabari, endelea hivyohivyo bila kuongeza nguvu, kutu inasagika. Uji ukikauka ongeza mafuta, usiendelee kukausha.

Sikiliza pia mkono wako. Bolti inayoachia hutoa mlio mkali, kisha inalegea. Bolti inayokaribia kukatika haitoi mlio, inakuwa laini kama inageuka bila kutembea. Ukihisi ulaini huo, acha papo hapo, rudi kwenye mafuta.

Isipogeuka, tengeneza pula. Kinachohitajika ni bolti ndefu yenye nyuzi M12 × 1.25, ngumu, yenye alama ya 10.9 kichwani; kiunganishi chenye nyuzi hizohizo kinachoshika bolti hiyo na ncha ya pini; bomba nene la kukaa dhidi ya jicho la mkono; na washa 2 nene au zaidi. Fimbo ya nyuzi ya duka la vifaa vya ujenzi haifai kwa sababu mbili: hatua yake ni 1.75, na chuma chake ni laini, itarefuka kabla pini haijasogea. Bolti inayofaa hutoka kwenye mikono ya magari ya Kijapani yaliyofumuliwa, na Kisekka zipo kwa mafungu, lakini nenda na nati ya kupimia. Kiunganishi mpe mkereza vyuma wa Katwe akichonge kutoka kipande cha shafti ya zamani ya gari, urefu wa 50 mm, nyuzi zipite mwanzo mpaka mwisho. Pini iingie angalau mm 18 na bolti iingie angalau mm 18. Bomba liwe na ukuta wa 4 mm au zaidi, tundu lake lipitishe pini pamoja na bomba dogo la bushi, na miisho yake ikerezwe iwe sawa. Mwisho ulioinama kidogo unavuta pini kwa upande, na pini iliyovutwa kwa upande hujibana zaidi.

Paka grisi kwenye nyuzi na kati ya washa. Kaza bolti mpaka uhisi pula imeshika kabisa, halafu acha. Bolti ya 10.9 ya kipimo hiki hubeba kama tani 7 kabla ya kuanza kurefuka, na ikiwa na grisi utafika huko karibu na 130 Nm. Sisi huishia 110. Ikishafika hapo na pini haijatoka, usiongeze. Gonga chuma cha kusubu pande zote kwa nyundo huku pula ikiwa imekaza. Mara nyingi mlio wa kuachia huja wakati wa kugonga, na bolti ya pula inalegea ghafla. Kaza tena, gonga tena. Simama pembeni na usiwe kwenye mstari wa pini, kwa sababu bolti ikikatika inaruka.

Isiposogea bado, ndipo moto, na moto una masharti. Bomba la mguu lina shokamzoba ndani, yenye mafuta na pengine gesi. Kuchoma chuma kilichounganishwa na bomba lililofungwa lenye mafuta ni kutengeneza bomu. Kwa hiyo kabla ya moto springi itolewe kwa vibano, nati kubwa ya juu ya bomba ifunguliwe, shokamzoba itolewe, mafuta yamwagwe yote. Kama uliosha kwa dawa ya kusafishia breki, hakikisha imekauka kabisa na si ile yenye klorini, maana ikikutana na moto inatoa gesi ya sumu. Fanya kazi nje au pakiwa na upepo. Mpira wa bushi utaungua na moshi wake ni mbaya kwa kifua.

Lengo la moto ni kupasha chuma cha nje huku pini ikibaki baridi. Chuma cha unene huu kikizidi joto la pini kwa nyuzi 200 za Selsiasi, tundu linapanuka takriban 0.04 mm. Ni kidogo sana kwa macho, lakini kutu iliyokauka haivumilii hata hivyo. Zungusha moto wa oksijeni na asetilini kuzunguka chuma cha kusubu, usiukazie mahali pamoja, na acha kabla hakijaanza kuwa chekundu. Chuma cha kusubu kilichofanywa chekundu upande mmoja hupasuka kikipoa. Dakika 2 hivi, kisha kaza pula mara moja. Ukitoa moto, gusisha kipande cha mshumaa kwenye mwanya: nta inayeyuka na kufyonzwa ndani, na inalainisha mahali ambapo mafuta yangeungua. Usimwagie ile dawa ya asetoni juu ya chuma cha moto. Grisi ya beringi ya habu itakuwa imeyeyuka, kwa hiyo beringi zifunguliwe na kupakwa upya, hilo si la hiari.

Zipo pini ambazo hazitoki kwa lolote kati ya hayo, na hapo kukata ni uamuzi mzuri, mradi pini mpya, kabari na bushi viko mkononi kabla ya msumeno. Kata kwenye mwanya ulio kati ya jicho la mkono na chuma cha kusubu, pande zote mbili, kwa msumeno wa chuma wenye meno 24 kwa inchi au msumeno wa umeme wa kwenda mbele na nyuma. Grenda tunaiepuka hapa, diski yake ni pana na inachimba chuma cha kusubu kabla hujajua. Mkono ukishatoka, kipande cha katikati kinasukumwa na presi ya tani 20, mguu ukiwa umeegemezwa chini ya chuma cha kusubu chenyewe na si chini ya habu.

Kama pini mpya haipatikani, mkereza anaweza kuichonga, lakini asitumie nondo au chuma chochote laini kilichopo sakafuni. Ataje chuma chake: EN19 au EN24, ambavyo ni vyuma vigumu vya aloi. Kipenyo kipimwe kwa maikromita kwenye sehemu ya pini ya zamani isiyolika, na mfuo wa kabari uchongwe kwa kufuata pini ya zamani ikiwa imelazwa kando. Pini isiyo na umbali sawa kutoka mfuoni hadi kila ncha ina upande wa mbele na wa nyuma, kwa hiyo kabla ya kutoa ile ya zamani, weka alama ya nukta kwenye ncha ya mbele.

Bushi zikitolewa, bomba lao la nje jembamba hubaki ndani ya jicho la mkono. Likatwe kwa urefu kwa ubao wa msumeno uliopitishwa ndani, likaribie kuisha lakini lisiguse jicho, kisha lisukumwe ndani kwa tindo ndogo. Jicho lililokwaruzwa kwa msumeno lina mahali pa kuanzia ufa, na barabara zetu za murram zitaupata.

Neno fupi kwa wenye magari ya Kiingereza kama MGB: mengi ya haya yanatumika, ila spana ni za inchi. Nati ya 1/2 ni mm 12.7, spana ya 13 itaila pembe. Ya 9/16 ni mm 14.29, haina spana ya milimita inayoifaa. Ya 3/4 inakubali 19 bila shida. Soketi ziwe za pembe 6 na si 12.

Wakati wa kurudisha, safisha tundu la chuma cha kusubu kwa msasa laini uliofungwa kwenye kijiti, uzungushe kwa mkono. Lengo ni kutoa kutu, si kupanua tundu. Pini iingie kwa kusukumwa kwa kiganja. Paka grisi ya kuzuia kushikana, ya shaba, pini nzima kuanzia bushi mpaka bushi, lakini futa nyuzi zibaki kavu, kwa kuwa grisi kwenye nyuzi huifanya nati ikaze kupita kipimo. Linganisha mfuo na tundu la kabari kwa kuchungulia na tochi kabla ya kugonga kabari. Ikikataa, geuza pini kidogo. Kabari iliyolazimishwa inakata ukingo wa mfuo, na pini itatembea.

Nati za mwisho za pini zifungwe kwa mkono tu gari likiwa juu. Zikaze kwa kipimo cha kitabu cha kiwanda gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, tangi likiwa angalau nusu, baada ya kulisukuma mbele na nyuma mita chache ili springi zitulie. Ukizikaza magurudumu yakining'inia, mpira unabaki umejikunja muda wote gari likiwa barabarani, na bushi mpya huchanika mapema. Pima mwelekeo wa magurudumu, kisha kaza tena kabari na nati zote baada ya kilomita 500.